Mapumziko ya Kijana na Biashara ya Hofu

Taifa hujulikana kwa kazi zake, lakini hujulikana pia kwa mapumziko yake. Mtu akiwa kazini huongozwa na mahitaji: shamba lina majira yake, kiwanda kina zamu zake, na shule ina kengele yake. Akiisha kuweka jembe au kalamu chini, ndipo hufanya lile alipendalo bila ya kushurutishwa na mtu, na hapo ndipo yaliyomo moyoni mwake huonekana. Mwalimu Julius Nyerere alipotangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwezi Desemba 1962, aliwakumbusha wananchi jinsi wasomi wa wakati ule walivyojua kucheza rumba na chachacha, hali wengi wao hawakujua kucheza kiduo wala lelemama. Yafaa tuangalie kwamba mfano huo haukuhusu kazi. Ulihusu mapumziko. Kiongozi wa taifa changa alikuwa anauliza watu wake hufanya nini jua likiisha kutua.

Swali hilo halijapitwa na wakati. Limebadilika sura tu. Rumba na chachacha zilihitaji angalau watu wawili, ukumbi na viungo vya mwili. Leo mwanafunzi wa sekondari anayefunga shule mwezi Juni au Desemba aghalabu hupata burudani yake ama katika kibandaumiza cha mtaani, ama katika kioo cha simu kinachotosha kiganja. Humo hutazama sinema za kutisha, maiti wanaofufuka na nyumba zenye mapepo, au hucheza michezo ya video hadi usiku wa manane. Hatusemi kwamba kila kijana yuko hivyo, wala hatusemi kwamba sinema moja au mchezo mmoja humharibu mtu. Tunasema kwamba desturi hii imeenea bila ya kuhojiwa, na kwamba jambo lililochukua sehemu kubwa hivyo ya maisha ya vijana wetu halina budi kuhojiwa na walimu, na kuhojiwa zaidi na vijana wenyewe.

Kwanza tupige hesabu, maana mwanafunzi hawezi kuikataa hesabu. Tuchukue mfano wa kijana anayetumia saa nne kwa siku katika burudani hizo kwa muda wa likizo ya wiki nne. Jumla ni saa 112. Kipindi cha darasani ni dakika 40. Kwa hiyo saa hizo ni sawa na vipindi 168. Somo lenye vipindi vinne kwa wiki lingehitaji wiki 42 kuvimaliza vipindi hivyo, yaani zaidi ya mwaka mzima wa masomo. Basi katika likizo moja kijana huyo amehudhuria, bila ya kujijua, mwaka mzima wa shule nyingine. Ni haki yetu kuuliza mwalimu wa shule hiyo ni nani, na anafundisha nini.

Tuanze na hofu. Wapo watakaosema kwamba hofu si kitu kigeni kwetu, na watakuwa wamesema kweli. Bibi zetu walitutisha kwa mazimwi, majini na fisi wanaogeuka watu. Lakini tuangalie jinsi hadithi hizo zilivyotambwa. Zilikuwa na saa yake, yaani baada ya kazi na chakula, na katika jamii nyingi ilikuwa mwiko kuzitamba mchana. Zilikuwa na mlango wa kuingilia: mtambaji alitoa salamu ya hadithi, na wasikilizaji wakaitikia. Zilikuwa na wimbo ambao watoto wote waliuimba pamoja pale zimwi lilipokaribia, hata mtoto mwoga akapata ujasiri kwa sauti ya wenzake. Zilikuwa na mlango wa kutokea pia, maana mwishowe kijana mwerevu, au mdogo aliyedharauliwa, alilishinda zimwi kwa akili, na watu waliomezwa wakatoka tumboni wakiwa hai. Mtambaji alikuwepo hapo hapo. Alimwona mtoto aliyezidiwa na woga akapunguza ukali wa sauti. Alimwona aliyesinzia akaiongeza. Hofu ya namna hiyo ilikuwa mazoezi ya kuishi, nayo ilitolewa kwa kipimo na mtu aliyempenda msikilizaji.

Hofu ya kiwandani haina kipimo hicho. Mtengenezaji wa sinema hajui mtazamaji wake ni nani wala ana umri gani. Anajua jambo moja tu: mwili wa binadamu hauwezi kujizuia. Giza likitanda, sauti ikapungua taratibu, kisha kishindo kikatokea ghafla, moyo utaenda mbio hata kama akili inafahamu kwamba yale ni maigizo. Kwa hiyo hahitaji sana kisa chenye maana, wala wahusika wenye utu; anahitaji kishindo kifuate kishindo. Na maadam mwili huzoea, kishindo cha jana hakitoshi leo. Sinema ifuatayo haina budi kumwaga damu zaidi.

Biashara hii ina faida kubwa. Mwaka 2007, huko Marekani, ilitengenezwa sinema iitwayo Paranormal Activity. Ilipigwa ndani ya nyumba ya mwongozaji mwenyewe kwa gharama ya dola zipatazo 15,000. Ilipoingia katika majumba ya sinema mwaka 2009 ilikusanya zaidi ya dola milioni 190 duniani kote. Hatumlaumu mfanyabiashara kwa kupata faida, maana ndiyo kazi yake. Lakini yampasa mnunuzi ajue ananunua nini. Woga ni bidhaa rahisi kutengeneza kuliko zote, kwa sababu malighafi yake, yaani moyo unaodunda, huletwa na mtazamaji mwenyewe.

Iko tofauti nyingine ambayo vijana wetu wanapaswa kuifahamu. Mataifa yaliyounda sinema hizi mara nyingi yaliziunda kutokana na vidonda vyao. Wajapani walipoitoa sinema ya Godzilla mwaka 1954, zilikuwa zimepita miaka tisa tu tangu mabomu ya atomiki yaiteketeze miji ya Hiroshima na Nagasaki, na mwaka ule ule wavuvi wao walikuwa wameangukiwa na majivu yenye sumu ya jaribio la bomu la Marekani katika bahari ya Pasifiki. Dude lile lililotoka baharini likibomoa miji lilikuwa njia ya Wajapani kuyatazama maumivu yao wenyewe. Dracula wa mwandishi Bram Stoker, aliyetoka kitabuni mwaka 1897, alizaliwa katika hofu za Ulaya juu ya makaburi, makabaila na wageni. Kijana wa Mbeya au Tanga anayetetemeka mbele ya sanamu hizi anaazima kilio cha msiba usio wake. Wakati huo huo vidonda vya nyumbani kwake, ambavyo vingehitaji macho makavu na akili tulivu, havitazami.

Na vidonda hivyo vipo. Hapa ndipo tunapofika kwenye kiini cha hoja, maana katika nchi yetu hofu ya mizimu na uchawi haijawa bado mchezo wa kuigiza. Mwaka 1995 visiwa vya Zanzibar vilikumbwa na fadhaa ya popobawa. Watu walikesha nje kwa makundi, na katika fadhaa hiyo mtu mmoja mwenye maradhi ya akili aliuawa na umati uliomdhania kuwa ndiye popobawa. Katika mikoa ya Shinyanga na Mwanza, vikongwe wameuawa kwa miaka mingi kwa sababu tu macho yao ni mekundu, na macho hayo wameyapata kwa moshi wa kuni walizopikia watoto na wajukuu. Na katika miaka ya 2000 nchi iliingia aibu mbele ya ulimwengu pale watu wenye ualbino walipoanza kuwindwa na kukatwa viungo, kwa imani kwamba viungo hivyo huleta utajiri. Mwaka 2008 Rais Jakaya Kikwete alimteua mama mwenye ualbino, Al-Shaymaa Kwegyir, kuwa mbunge, na mwezi Januari 2015 serikali ilipiga marufuku waganga wa ramli chonganishi. Hatua hizo zilihitajika kwa sababu wapo watu walioamini kwa dhati kwamba damu ya mtu yaweza kugeuka fedha.

Sasa tutazame kile ambacho sinema za kutisha zilizotufikia kutoka Afrika Magharibi zimekuwa zikituonyesha. Filamu ya Kinijeria Living in Bondage ya mwaka 1992 ilifungua njia ya biashara kubwa ya filamu za video barani. Ndani yake mume anamtoa mkewe kafara ili apate utajiri, na utajiri anaupata. Mwishowe mzimu wa mke unamwandama hadi anapotea akili. Mtetezi wa filamu atasema kwamba hilo ni fundisho, kwani mwovu ameadhibiwa. Ni kweli kwamba ameadhibiwa. Lakini mtazamaji ameambiwa pia kwamba kafara ilifanya kazi. Fundisho limelaani tendo, na wakati huo huo limethibitisha imani inayolizaa. Mtu mwenye tamaa na asiyeogopa adhabu atachukua nusu ile ya kwanza tu. Filamu nyingi zilizofuata mkondo huo, za huko na za hapa kwetu, zimerudia kosa hilo hilo.

Haina maana kwamba msanii wetu asiiguse hofu. Nsyuka na Shumileta, filamu za Mussa Banzi za miaka ya 2000, zilidhihirisha kwamba mizimu na majini ya simulizi zetu yaweza kukaa katika filamu kama yalivyokaa katika hadithi za bibi. Na njia iliyo bora tulikwisha kuonyeshwa zamani zaidi. Muhammed Said Abdulla wa Unguja aliandika Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya iliyochapishwa mwaka 1960. Jina lake linatisha, na mahali palipotokea mauaji panatisha. Lakini Bwana Msa, na kiko chake mdomoni, haogopi mzimu. Anauliza maswali, anapima majibu, anaunganisha jambo na jambo, na mwishowe tunagundua kwamba aliyeua ni binadamu kwa sababu za kibinadamu. Msomaji huingia na hofu akatoka na akili. Mwalimu anayetaka kumwonyesha mwanafunzi tofauti kati ya kutishwa na kuelimishwa hana haja ya kwenda mbali.

Tuigeukie sasa michezo ya video. Historia yake si ndefu. Mchezo wa Pong ulitolewa Marekani mwaka 1972. Wajapani wakaleta Space Invaders mwaka 1978 na Pac-Man mwaka 1980. Michezo hiyo ya mwanzo iliwekwa katika mashine zilizomeza sarafu, na tabia hiyo ya kumeza haikuisha. Imehamia kwenye simu. Mchezo wa leo hutengenezwa kwa ustadi wa kumfanya mchezaji asiondoke. Zawadi hutolewa mara kwa mara lakini bila ya utaratibu unaobashirika, ili mchezaji aendelee kutumaini. Ngazi moja ikiisha nyingine hufunguka. Anayekosa siku moja huambiwa amepoteza kitu. Mpira wa makuti na nyuzi uchezwao kiwanjani humalizika giza linapoingia. Mchezo wa simu hauna jua.

Linganisha na bao. Bao letu la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete kumi ubaoni na 22 mkononi, na tangu kete ya kwanza ya kunamua hana budi kuhesabu mwenyewe: mtaji huu utafika wapi, nyumba yangu itabaki au itasafiri, mwenzangu atanijibu nini baada ya mizunguko miwili. Hesabu yote imo kichwani mwake. Anayeshindwa anamwona aliyemshinda uso kwa uso, hupokea utani wa watazamaji, huamka na kumpisha mwingine. Mwalimu Nyerere mwenyewe alijulikana kwa kulipenda bao. Katika mchezo wa video hesabu zote hufanywa na mashine, na zimekwisha kufanywa kabla ya mchezaji kuketi. Yeye ameachiwa wepesi wa vidole na hisia ya ushindi. Na mtu aliyezoea ushindi uliopangwa na mwingine huona uchungu mkubwa anapokutana na hesabu ya algebra isiyompangia ushindi, au na shamba ambalo mvua yake haikuja.

Shirika la Afya Duniani halikulipuuza jambo hili. Katika orodha yake ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019, na kuanza kutumika Januari 2022, limo tatizo la kutawaliwa na michezo ya video. Dalili zake ni tatu: mtu hushindwa kujizuia kucheza, huutanguliza mchezo mbele ya shughuli nyingine zote, na huendelea hata anapoona madhara. Kwa kawaida hali hiyo yapaswa iwe imedumu miezi 12 ndipo ihesabiwe kuwa ugonjwa. Tuwe wakweli: shirika hilo lilieleza kwamba wanaofikia hatua hiyo ni sehemu ndogo tu ya wachezaji. Lakini jamii haingoji mtu awe mlevi wa kuokotwa mtaroni ndipo izungumze naye juu ya pombe.

Zipo hoja za upande wa pili, nazo zinastahili jibu. Hoja ya kwanza yasema: likizo ni muda wangu, nimesoma, nimechoka, niacheni nipumzike. Haki ya kupumzika hatuipingi hata kidogo. Tunauliza tu kama huko ni kupumzika. Aliyepumzika huamka na nguvu. Anayelala saa tisa usiku akiwa na moyo unaodunda na macho yanayowasha, akaamka saa tano asubuhi akiwa mzito kama gunia, ameongeza uchovu juu ya uchovu.

Hoja ya pili yasema kwamba michezo hii humfundisha kijana kompyuta na kumwandaa kwa teknolojia. Kama kutumia kitu kungekuwa ni kukifahamu, basi kila abiria wa basi angekuwa fundi makanika. Kijana anayejifunza kuandika programu, hata ya mchezo mdogo wa kuhesabu kete, ameigusa teknolojia. Anayebonyeza vitufe ameguswa nayo tu.

Hoja ya tatu yasema kwamba hata wazee walikuwa na starehe zao, wakalaumiwa, na dunia haikuangamia. Hoja hii ina ukweli, nayo inatuonya dhidi ya pupa ya kupiga marufuku. Mwaka 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam. Vijana waliendelea kuupenda. Mwaka 2011 Korea Kusini iliwazuia watoto walio chini ya miaka 16 kucheza michezo ya intaneti kuanzia usiku wa manane hadi saa kumi na mbili alfajiri. Michezo ya simu haikuguswa na sheria hiyo, vijana wakahamia huko, na mwaka 2021 serikali yao iliamua kuifuta. Uchina, katika mwaka huo huo wa 2021, iliwawekea walio chini ya miaka 18 saa moja tu, kuanzia saa mbili hadi saa tatu usiku, katika siku za Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Sisi hatuna haja ya kugombania vitufe na watoto wetu. Bodi ya Filamu, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1976, ifanye kazi yake ya kupanga madaraja ya umri, na mwenye kibandaumiza anayemwingiza mtoto wa darasa la tatu katika sinema ya watu wazima awajibishwe. Zaidi ya hapo, marufuku haiwezi kujaza nafasi iliyo tupu.

Maana ukweli mchungu ni kwamba kijana hakuikimbia ngoma wala bao ili aende kwenye simu. Katika mitaa mingi alikuta nafasi imekwisha kuachwa wazi. Kiwanja cha mpira kimejengwa maduka. Maktaba hufungwa saa ile ile anapokuwa na nafasi ya kwenda. Mtu mzima anayemkataza simu naye ameinamia simu yake. Mzee anayejua hadithi mia hakuulizwa hata moja. Basi tusimlaumu kijana peke yake kwa kula alichopakuliwa.

Walimu, kazi ya kwanza ni yenu. Badala ya kuwapa wanafunzi rundo la maswali ya kunakili wakati wa likizo, mwaweza kumtuma kila mmoja akusanye kutoka kwa mzee wa kwao hadithi moja ya kutisha, aiandike kwa Kiswahili fasaha, na aeleze zimwi lilishindwaje. Chama cha Kiswahili cha shule chaweza kuitazama filamu moja ya kutisha mchana kweupe, kisha kujadili: mtunzi ametutisha kwa njia gani, na ametuachia imani gani? Hofu inayojadiliwa hupungua nguvu. Shule inayotuma wachezaji UMISSETA yaweza pia kuwa na mbao kumi za bao na mashindano ya madarasa.

Wasanii nanyi msijitenge. Mashine si adui. Redio ilikuwa chombo kigeni, lakini kipindi cha Mama na Mwana cha Radio Tanzania kilizichukua hadithi na kuzifikisha kwa watoto wa nchi nzima. Lufufu alizitafsiri sinema za kigeni kwa sauti yake, akazigeuza kuwa masimulizi ya Kiswahili yenye utani na methali, na watazamaji wengi walimfuata yeye kuliko sinema yenyewe. Hiyo ndiyo maana ya kukipokea kitu kigeni bila ya kumezwa nacho. Yuko wapi atakayetengeneza mchezo wa video wenye hesabu za bao, au filamu ya upelelezi ambamo Bwana Msa wa leo anamfichua mpiga ramli chonganishi?

Nanyi wanafunzi, hamuombwi mtupe simu baharini. Mnaombwa jambo gumu kuliko hilo, nalo ni kujitawala. Likizo ijayo kila mmoja achukue karatasi, aandike kila jioni saa alizotumia mbele ya kioo, na mwisho wa wiki ajumlishe kwa mkono wake mwenyewe. Kisha ajiulize angeweza kuzifanyia nini saa hizo. Atakayeona zinamtosha na aendelee. Lakini atakayeona zimemzidi, basi na aanze na saa moja: aende kwa babu au bibi, aketi kitako, na aombe hadithi.